Pua na Mapafu: Njia Moja ya Hewa
Mafua ya mzio, sinusi na pumu katika Mkoa wa Songwe

Mvua zinapokatika katika nyanda za juu za Songwe, ardhi hukauka upesi na upepo huanza kulitimua vumbi. Mjini Tunduma vumbi hilo halina safari ndefu. Hutoka kwenye barabara za mitaa na viwanja vya kuegeshea malori, likaingia madukani, jikoni na vyumbani mwa kulala, likiwa limekwisha kuchanganyika na moshi wa dizeli wa magari yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Kwa mtu mwenye pua nyepesi, tangu hapo hadi mvua za Novemba ni majira ya chafya.

Mtu wa namna hiyo aghalabu huisimulia taabu yake kana kwamba ni magonjwa matatu mbalimbali. Husema ana mafua yasiyokwisha: pua huwasha, hutiririka maji asubuhi na kuziba usiku. Husema pia kwamba uso humlemea, hasa chini ya macho na juu ya nyusi, na kwamba akiinama maumivu huzidi. Tena, baada ya muda, huongeza jambo la tatu: kifua humbana usiku wa manane, na pumzi zikitoka hupiga mlio kama wa filimbi. Kwa ajili ya pua hununua matone ya kuzibua. Kwa ajili ya kichwa, vidonge vya maumivu. Na kwa ajili ya kifua huomba dawa ya kikohozi au viuavijasumu. Kila dawa huleta nafuu ya siku chache, au haileti kabisa, na mwaka unaofuata mambo hurudi yale yale.

Utaalamu wa tiba wa miaka hii unafundisha kwamba mara nyingi hayo si magonjwa matatu. Ni uvimbe mmoja uliokalia sehemu mbalimbali za njia moja ya hewa, na asiyeitazama njia hiyo kwa ukamilifu wake huishia kutibu kipande tu.

Jinsi njia ya hewa ilivyojengwa

Mtu mzima huvuta hewa ipatayo lita elfu kumi na zaidi kwa siku. Hewa hiyo ikiwa baridi, kavu au chafu, haifai kuyafikia mapafu kabla ya kutengenezwa, na kazi hiyo ya kuitengeneza ni ya pua. Ndani ya pua hewa hupashwa joto na kutiwa unyevu. Punje kubwa za vumbi hunaswa na ute unaonata, kisha vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vikipiga mara kumi au zaidi kwa kila nukta moja, huusukuma ute huo kuelekea kooni, ukamezwa bila mtu kujua. Ngozi laini yenye vinyweleo hivyo haiishii puani. Huendelea, kwa umbile lile lile kwa sehemu kubwa, ndani ya koromeo na katika mirija ya pumzi hadi ndani kabisa ya mapafu.

Ngozi hiyo ndiyo pia inayotandaza mapango yaliyomo ndani ya mifupa ya uso, ambayo wataalamu huyaita sinusi. Yako jozi nne. Pango kubwa kuliko yote, lililo ndani ya mfupa wa shavu, lilielezwa kwa makini na tabibu wa Kiingereza Nathaniel Highmore mwaka 1651. Umbile lake lina kasoro ya ajabu: mlango wake uko juu, karibu na dari, wala si sakafuni. Kwa hiyo ute wa ndani hauwezi kutoka kwa kuteremka tu. Hapana budi vinyweleo viupandishe mlima. Mlango wenyewe una upana wa milimita chache. Ngozi ya pua ikivimba kidogo tu, mlango hufungwa, ute hutuama, na vijidudu hupata makao. Huo ndio uvimbe wa sinusi.

Yafaa ieleweke hapa kwamba si kila maumivu ya paji la uso hutokana na sinusi. Wengi waliojihesabu kuwa wagonjwa wa sinusi kwa miaka mingi hugundulika, wakichunguzwa vizuri, kuwa wana kipandauso. Sinusi iliyovimba kwa kweli huambatana na pua iliyoziba, ute mzito, na mara nyingi kupungua kwa uwezo wa kunusa.

Mwili unapomkosea adui

Mwaka 1819 daktari John Bostock aliwaeleza wanachama wenzake wa chama cha waganga mjini London habari za mgonjwa ambaye kila mwaka, majira ya joto yalipofika, alivimba macho, alipiga chafya na kubanwa kifua. Mgonjwa huyo alikuwa Bostock mwenyewe. Yafaa kuangaliwa kwamba tangu maelezo hayo ya kwanza, macho, pua na kifua vilitajwa pamoja. Sababu ilithibitishwa baadaye na Charles Blackley wa Manchester, aliyechapisha majaribio yake mwaka 1873. Naye alikuwa mgonjwa. Alijipaka chavua za nyasi puani, na hata kurusha tiara zilizobeba vioo vyenye kunata ili kujua kama chavua huelea juu angani. Zilipatikana.

Jina la hali hiyo lilikuja mwaka 1906, pale Clemens von Pirquet wa Vienna alipotunga neno ambalo kwa Kiswahili hufasiriwa mzio. Maana yake ni kwamba mwili hukichukulia kitu kisicho na madhara kama kwamba ni adui. Vikosi viwili vya watafiti, kimoja cha Wajapani Kimishige na Teruko Ishizaka waliokuwa Marekani, na kingine cha Wasweden Johansson na Bennich, viligundua katika miaka ya 1960 kingamwili inayohusika. Nayo iliitwa imunoglobulini E.

Kingamwili hiyo hujibandika juu ya seli maalumu zilizotapakaa chini ya ngozi laini ya pua na ya mirija ya pumzi. Chavua au vumbi la aina inayochukiwa likigusa, seli hizo hupasua vifuko vyake na kumwaga histamini na kemikali nyinginezo. Puani matokeo yake ni kuwashwa, chafya na kamasi za maji. Kifuani, ambako mirija imezungukwa na misuli, misuli hukaza, ngozi huvimba, ute huongezeka, na njia ya hewa hubaki nyembamba. Hiyo ndiyo pumu. Baada ya saa chache huja kundi la pili la seli, hasa zile ziitwazo eosinofili, ambazo huufanya uvimbe uendelee hata baada ya vumbi kuondoka.

Nchi za joto zina jambo lake moja la pekee. Imunoglobulini E ni silaha ya mwili dhidi ya minyoo, na watu wenye minyoo huwa nayo kwa wingi bila ya kuwa na mzio. Utafiti uliofanywa Gabon na kutolewa mwaka 2000 ulionyesha kwamba watoto wenye kichocho hawakuwa wepesi kuonyesha mzio wa vumbi la nyumbani kama wenzao wasio nacho. Nchini Kenya, watafiti waliwakimbiza watoto wa shule za Nairobi na za kijijini Murang'a, kisha wakawapima pumzi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1998, yalikuwa kwamba mirija ilibana kwa zaidi ya mtoto mmoja katika kila watano mjini, lakini kwa kama mmoja tu katika kila wanane kijijini. Mji unaokua kwa haraka kama Tunduma hauna sababu ya kudhani kwamba hauhusiki na habari hizo.

Ushahidi kwamba njia ni moja

Kwa muda mrefu pua ilikuwa mali ya daktari wa masikio na koo, na kifua kilikuwa cha daktari wa mapafu. Hesabu za wagonjwa ndizo zilizoanza kuubomoa ukuta huo. Ilionekana kwamba wengi mno wa wenye pumu, katika baadhi ya uchunguzi wanane katika kila kumi, wana mafua ya mzio pia. Na kwamba katika wenye mafua hayo, kati ya 15 na 40 kwa kila mia wana pumu. Aidha, mafua mara nyingi hutangulia, na pumu hufuata baada ya miaka.

Hesabu peke yake haithibitishi sababu. Majaribio yenye uzito zaidi ni ya Mholanzi Gert-Jan Braunstahl na wenzake, yaliyotolewa mwaka 2000 na 2001. Walichukua watu wenye mafua ya mzio, wakapitisha mrija mwembamba na kutia kichochezi cha mzio katika sehemu ndogo tu ya pafu, bila ya kuigusa pua. Siku iliyofuata eosinofili zilikuwa zimeongezeka puani. Walipofanya kinyume chake, yaani kutia kichochezi puani tu, uvimbe ulionekana mapafuni. Habari zilikuwa zimesafirishwa kwa damu kutoka ncha moja ya njia hadi nyingine. Zaidi ya hayo kuna sababu nyepesi ya kimaumbile: pua ikiziba, mtu hupumua kwa mdomo, na hewa ya baridi yenye vumbi huingia kifuani pasipo kuchujwa.

Mavumbi ya Songwe

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una mazingira yanayotofautiana sana: baridi ya vilima vya Ileje, mashamba ya kahawa na mahindi ya Mbozi, joto la bonde la Rukwa upande wa Momba. Kila mahali pana vumbi lake, na mavumbi hayafanani.

La kwanza ni lile la Tunduma lenyewe. Udongo mtupu wa barabarani huikereketa pua ya kila mtu, lakini kwa kawaida hausababishi mzio. Ni mkwaruzo tu. Moshi wa dizeli ni habari nyingine. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza jinsi walivyotia puani mwa watu wenye mzio chembe za moshi wa dizeli pamoja na chavua. Kingamwili za mzio dhidi ya chavua hiyo ziliongezeka mno kuliko pale chavua ilipotiwa peke yake. Miaka kumi baadaye, mwaka 2007, zilitolewa habari za wagonjwa 60 wa pumu waliotembea kwa saa mbili katika Oxford Street ya London, mtaa uliokuwa ukipitwa na mabasi na teksi za dizeli tu, kisha siku nyingine wakatembea katika bustani ya Hyde Park iliyo jirani. Mtaani nguvu ya pumzi zao ilishuka zaidi kuliko bustanini, na wenye pumu kali kiasi ndio walioumia zaidi. Hao walitembea saa mbili. Mchukuzi, mwendesha bodaboda au mama lishe wa Tunduma hushinda kando ya malori yanayounguruma mchana kutwa. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019, kilikusudiwa kuharakisha biashara. Lakini kila saa inayopunguzwa katika foleni ni saa ya moshi iliyopunguzwa pia, na faida hiyo haistahili kusahaulika.

La pili ni vumbi la nafaka. Mtaliano Bernardino Ramazzini, katika kitabu chake cha magonjwa ya wafanyakazi cha mwaka 1700, alikwisha kuwataja wapepetaji na wapimaji wa nafaka wanaokohoa na kukosa pumzi. Vumbi la mahindi lina vipande vya punje, kuvu, mabaki ya wadudu na sumu zitokazo katika maganda ya vijidudu. Mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka vizuri huota ukungu, na mbegu za ukungu huruka gunia linapotikiswa. Mwenye kufanya kazi katika mashine ya kukoboa na kusaga, au mpakiaji wa magunia mpakani, huvuta mchanganyiko huo kila siku ya kazi.

La tatu ni la kahawa. Kahawa iliyokaangwa na kunywewa haimdhuru mtu pumzi. Kinyume chake, kafeini ni ndugu wa teofilini, dawa ya zamani ya pumu, na kikombe cha kahawa kali hupanua mirija kidogo kwa saa chache, ingawa si dawa ya kutegemea. Ni punje mbichi ndizo zenye protini inayochochea mzio, na moto wa kukaanga huharibu sehemu yake kubwa. Kwa hiyo hatari iko kwa mkoboaji, mchambuaji na mbebaji. Magunia yenyewe, kama yalikwisha kubeba mbegu za mbarika, huweza kuwa na vumbi lililo kali hata kuliko la kahawa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa kukoboa kahawa mkoani Kilimanjaro. Kikohozi cha muda mrefu na dalili zinazofanana na za pumu vilikuwa vingi zaidi kwao kuliko kwa wafanyakazi wasioshughulika na kahawa. Kahawa ya Mbozi ni ya jamii ile ile ya Arabika.

Kisha yako ya nyumbani. Utitiri wa vumbi, mdudu asiyeonekana kwa macho ambaye Voorhorst na wenzake wa Leiden, Uholanzi, walimtambua mwaka 1964 kuwa chanzo kikuu cha mzio wa vumbi la nyumba, hula ukurutu wa ngozi ya binadamu na hustawi ndani ya magodoro, mito na mablanketi. Baridi ya Juni na Julai huwafanya watu wajifunike mablanketi yaliyokaa sandukuni tangu mwaka uliopita. Kuyaanika juani na kuyafua kwa maji ya moto ni jambo dogo lenye faida. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha hauhitaji maelezo marefu. Mama apikaye na mtoto aliye mgongoni wote huuvuta.

Habari ya tiba

Kabla ya lolote, kikohozi kilichoendelea wiki mbili au zaidi kinastahili kupimwa kifua kikuu. Mpakani, mahali pa wasafiri wengi, hilo ni la lazima. Kifua kikuu huja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda; pumu huja na kuondoka, hubana usiku au alfajiri, na huchochewa na vumbi, baridi au mbio. Lakini mgonjwa mmoja aweza kuwa na yote mawili. Wapo pia wanaodhani kwamba pumu huambukiza, wakamtengea mgonjwa kikombe chake. Haiambukizi.

Matumizi ya viuavijasumu kwa kila mafua ni upotevu mkubwa. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na wagonjwa wasiozidi wawili katika kila mia ndio wanaopata uvimbe wa sinusi uletwao na bakteria. Mafua ya mzio hayana bakteria kabisa. Matone ya kuzibua pua nayo yana hila yake. Yakitumiwa zaidi ya siku chache, pua huzoea, na dawa ikiisha nguvu huziba zaidi kuliko mwanzo, hata mtu akawa mtumwa wa kichupa. Kilicho bora kwa mafua ya mzio ya muda mrefu ni dawa ya kupuliza puani ya jamii ya steroidi, inayopunguza uvimbe wenyewe, pamoja na kusafisha pua kwa maji ya chumvi: kijiko cha chai kisichojaa katika nusu lita ya maji. Maji hayo sharti yawe yamechemshwa na kupoa, kwani maji mabichi huweza kupitisha vijidudu vya hatari puani.

Je, pua ikitibiwa, pumu nayo hupona? Hapa watu wengi hutia chumvi. Uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa nchini Marekani, uliotolewa mwaka 2002, uliona kwamba wenye pumu waliotibiwa mafua yao walikimbizwa hospitali mara chache zaidi kuliko wasiotibiwa. Lakini jaribio la makini lililotolewa mwaka 2014, pia la Marekani, ambapo wagonjwa wa pumu wenye sinusi sugu walipewa dawa ya kupuliza puani kwa miezi sita, halikuona pumu yao ikidhibitika zaidi. Kwa hiyo pua itibiwe kwa sababu inaumwa, wala mapafu yasinyimwe dawa yake kwa matumaini kwamba pua itayaponya.

Na dawa ya mapafu ndiyo inayokosewa zaidi. Salbutamoli, iwe ya vidonge au ya pampu, hulegeza misuli ya mirija kwa saa chache lakini haigusi uvimbe. Mgonjwa huona nafuu, huamini kwamba amepona, na uvimbe huendelea kukua chini kwa chini hadi siku ambayo pampu haisaidii tena. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haupendekezi tena watu wazima na vijana wenye pumu watibiwe kwa salbutamoli peke yake. Wapewe pia steroidi ya kuvuta. Wengi huiogopa pampu wakisema kwamba humzoesha mtu. Kipimo kinachovutwa ni kidogo sana kuliko cha vidonge na huenda moja kwa moja panapohitajika. Kumeza vidonge vya steroidi kila mara ndiko kwenye madhara makubwa zaidi mwilini.

Kundi moja la wagonjwa lina hatari ya pekee. Hao ni wenye pumu ambao pia wana nyama zilizoota ndani ya pua na ambao hawawezi kunusa. Baadhi yao, wakimeza aspirini au dawa za jamii yake kama vile diklofenaki na aibuprofeni, hubanwa kifua ghafula hata kufikia kufa. Mfaransa Fernand Widal aliieleza hali hiyo mwaka 1922. Kwa kuwa dawa hizo huuzwa kila duka, nazo ndizo watu wanazozikimbilia kwa maumivu ya sinusi, muuzaji hana budi kuuliza habari za pumu kabla ya kuzitoa.

Watoto wadogo hawawezi kuvuta dawa kwa wakati ule ule pampu inapobonyezwa, na sehemu kubwa ya dawa hubaki mdomoni. Kifaa cha katikati kinachoikusanya dawa huuzwa kwa bei kubwa, lakini daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita hufanya kazi sawasawa na kifaa cha dukani. Chupa huoshwa na kukaushwa, kitako chake hutobolewa tundu la kadiri ya mdomo wa pampu, kisha pembezoni huzibwa ili hewa isipenye. Mtoto huweka mdomo wake kwenye shingo ya chupa, pampu hubonyezwa mara moja, naye hupumua taratibu mara tano au sita kabla ya bonyezo jingine.